Harusi Zetu na Safari Isiyo na Nahodha

Kwa miaka kadhaa sasa jamaa zangu wa Garsen na Tarasaa wamenitwika kazi ya ukatibu katika kamati zao za harusi, kwa hoja kwamba mtu anayefundisha lugha chuoni hawezi kushindwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Kazi yenyewe si ngumu, na ina malipo yake, kwani katibu hupewa chai kabla ya wengine. Lakini majuzi, nilipokuwa nikiyapekua madaftari hayo kutafuta jambo jingine kabisa, niligundua kwamba nimekuwa nikiandika sentensi moja ile ile, mkutano baada ya mkutano na harusi baada ya harusi, bila ya kuitilia maanani hata mara moja. Sentensi hiyo ni hii: "Usafiri utashughulikiwa."

Mambo mengine yote yaliyomo katika madaftari hayo yana wenyewe. Wali utapikwa na shangazi fulani pamoja na shoga zake wanne. Mbuzi watanunuliwa na ami wa bwana harusi, naye ametajwa kwa jina na kuandikiwa fedha alizokabidhiwa, hadi shilingi ya mwisho. Viti na mahema yana mwenyewe, maua yana mwenyewe, na hata yule kijana wa kumshikia bi harusi mwavuli ameteuliwa, kwa ubishani mkubwa. Usafiri peke yake ndio utakaoshughulikiwa, na haukusemwa utashughulikiwa na nani.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaousoma ukurasa huu watakumbuka somo la kauli za vitenzi. Katika kauli ya kutendwa mtenda huweza kutajwa kwa kiunganishi "na", kama tulivyoona kwa wali na shangazi. Lakini huweza pia kuachwa, na sentensi ikabaki kamili, haina kilema. Kauli ya kutendeka inakwenda mbali zaidi, kwani yenyewe haimpi mtenda nafasi hata akiitaka. Twasema "njia inapitika" na "maji yanavukika". Hatuwezi kusema "maji yanavukika na dereva". Sina ugomvi na kauli hizi, ambazo ni miongoni mwa hazina za lugha yetu na bila ya hizo washairi wangepata taabu. Ninachodai ni kwamba watu waliokwisha kupoteza mtenda katika daftari ndio hao hao watakaosimama ukingoni mwa maji saa kumi na mbili jioni, wakiambiana kwamba yanavukika, na asiwepo hata mmoja wa kusema: mimi nimeyapima, mimi nawajibika, tunavuka au hatuvuki.

Mtu wa Nairobi au Mombasa atasema kwamba ninakuza jambo dogo. Huko kwao kusafirisha watu wa harusi ni kukodi mabasi mawili au matatu, kuyafunga utepe, na kuomba msongamano wa magari usiwe mkubwa. Akikosea, hasara yake ni kuchelewa, na bibi yake kukasirika. Katika sehemu za Garsen makosa hayo hayo yana bei nyingine.

Tuanze na mto wenyewe. Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanzia katika Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ukapita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha ukateremka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini Kipini. Mvua ikinyesha kwa wingi huko juu, maji hayatufikii siku hiyo, huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana mto unaweza kufura Garsen chini ya mbingu nyeupe pe, isiyo na wingu hata la kumfichia mwewe. Mpangaji wa harusi anayetazama juu na kusema "leo hakuna mvua" hajasema lolote la maana. Mwenye busara hutafuta habari za Masinga na za Garissa, kwa sababu bwawa la Masinga likijaa na kuanza kumwaga, tangazo hutolewa, na tangazo hilo lamhusu bi harusi wa Ngao kuliko linavyomhusu mtu aliye jirani na bwawa.

Kisha kuna suala la majira. Kalenda ya harusi katika nchi yetu imefungamana na kalenda ya shule. Harusi nyingi huwekwa Aprili, Agosti na Desemba, kwa kuwa walimu wako likizoni, watoto wako nyumbani, na jamaa wa mjini wanaweza kuomba ruhusa. Hebu tuiweke kalenda hiyo kando ya kalenda ya mto. Aprili ni masika, na mwanzo wa Desemba ni mkia wa vuli. Mto Tana nao hufura mara mbili kwa mwaka, kukaribia Mei na tena kukaribia Novemba na Desemba. Yaani katika majira matatu ya harusi, mawili yanaangukia maji. Waislamu, ambao ni wengi katika kaunti hii, wana hesabu ya ziada: Mfunguo Mosi ni mwezi mzuri wa kuoza, lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja, hivyo Mfunguo Mosi huzunguka majira yote. Mwaka 2024 Idi iliangukia tarehe 10 Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto. Katika mkesha wa Idi hiyo basi lenye abiria zaidi ya 50 lilisombwa na mafuriko katika barabara ya Garissa, upande wa Madogo, wakaokolewa wote, na Msalaba Mwekundu ukasifiwa kwa haki. Kabla mwezi ule haujaisha, tarehe 28, mashua iliyokuwa ikiwavusha watu huko huko Mororo ilipinduka, na safari hiyo si wote waliookolewa.

Upande wetu wa chini mambo hayakuwa tofauti. Mwishoni mwa mwaka 2023 barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu ilikatwa na maji sehemu za Gamba, barabara ile ile ambayo baada ya miaka mingi ya vumbi na matope ilikuwa imekwisha kutiwa lami. Lami ina faida zake nyingi, nami ni shahidi. Lakini imewafanya madereva wageni wadhani kwamba penye lami hapana mto.

Wazee wetu hawakuwa na lami, walikuwa na waho. Neno hili la Kipokomo, lenye maana ya mtumbwi, ni ndugu wa "bwato" la Kilingala kule Kongo. Mzizi ni mmoja wa kale, ambao Kiswahili sanifu kimeuacha kikachukua "mtumbwi". Nalitaja kwa sababu bi harusi aliyevushwa kwa waho alikuwa na mtu mmoja aliyeshika upondo, naye akijua mamba wamelala wapi na mkondo umehamia wapi tangu juma lililopita. Mtu huyo hakupigiwa kura. Aliposema tungojee, watu walingojea, wakaimba ukingoni.

Hali ni hiyo hiyo kwa jirani zetu wa Lamu hadi leo. Msafara wa harusi unaotoka Lamu kwenda Faza au Pate hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda haupitiki kwa vyombo vikubwa maji yakiwa yamekupwa. Saa ya kuondoka, basi, haiwekwi na mwenyekiti wa kamati, wala na mpiga picha. Huwekwa na bahari, na msemaji wa bahari ni nahodha. Neno "nahodha" lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako maana yake ya asili ni bwana wa chombo, na mabaharia wetu wamelitunza na uzito wake wote: tajiri mwenye shehena anaweza kunung'unika, lakini tanga halitwekwi mpaka nahodha aseme. Bara nako misafara iliyotoka Bagamoyo karne ya 19 ilikuwa na kirangozi wake, mtu wa kutangulia mbele na kujua njia. Wahenga walitoa onyo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Sidhani walipata kufikiri kwamba tungefika zama za kuwa na chombo chenye watu sitini na kisiwe na nahodha hata mmoja.

Mtu atauliza: dereva je? Dereva si nahodha, na tusijidanganye. Dereva wa gari la kukodi amelipwa arbuni na anangoja salio lake. Amewekwa mbele ya watu wenye nguo mpya, wanaoimba, ambao wakwe wanawangojea upande wa pili. Akisema hapitiki ataitwa mwoga, na huenda mwajiri wake akaambiwa kesho alete dereva mwanamume. Abiria nao kila mmoja anadhani yuko mwenzake ajuaye. Mzee aliye kiti cha mbele anadhani dereva anajua. Dereva anadhani mzee, kwa kuwa ni mwenyeji, angekwisha kusema. Hapo ndipo ile kauli ya kutendeka inapopanda gari bila ya kulipa nauli.

Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui, basi la shule lililowabeba wanakwaya na waumini wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi kwenda harusini Nuu liliingia katika mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya kivuko. Taifa zima liliona picha zake, kwani waliokuwa ukingoni walikuwa na simu. Basi lilisita, likasonga, likalala ubavu, likazama. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwamo watoto. Sikuitaja habari hii ili kumlaumu yeyote miongoni mwa marehemu. Naitaja kwa kuwa kila nikiikumbuka hujiuliza swali moja: katika basi lile, ni nani aliyekuwa na haki, iliyokubaliwa na wote tangu nyumbani, ya kusema turudi? Nami nikijiuliza kuhusu magari ambayo mimi mwenyewe niliyaandikia "utashughulikiwa", jibu ninalo: hakuna.

Na tusidhani kwamba haya ni ya Kenya tu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 2023, katika jimbo la Kwara nchini Nigeria, watu waliokuwa wakirudi kutoka harusini walipinduliwa na mashua katika mto Niger, wakafa zaidi ya mia moja. Ilielezwa kwamba wengi wao walikwenda harusini kwa pikipiki. Mvua ilinyesha, njia ikajaa maji, ndipo wakapandishwa mashua usiku ili warudi makwao. Msomaji aizingatie habari hiyo, kwa maana ndani yake umo udhaifu mkubwa wa mipango yetu yote. Sisi hupanga kwenda. Kurudi hatukupangi. Kamati nzima hukesha ikihesabu viti vya kumpeleka bwana harusi, na karamu ikiisha kila mtu huachiwa ajitafutie: huyu bodaboda, yule Probox ya watu tisa, na wale vijana waliobaki hupakiwa nyuma ya lori pamoja na masufuria.

Hapa sina budi kuwageukia walimu wenzangu, kwa kuwa gari linalokodiwa kwa harusi katika sehemu zetu aghalabu ni basi la shule. Si vigumu kuona sababu. Matatu ya kawaida hubeba abiria 14, na ukitaka kubeba watu sitini wahitaji matatu tano, madereva watano na makanga watano, kila mmoja na pesa zake za chakula. Basi la shule ni moja, ni nafuu, na mwalimu mkuu ni jamaa. Tena kwaya yenyewe mara nyingi ni ya wanafunzi wake. Lakini mwalimu mkuu akubalipo basi litoke anakuwa amekubali mengi ambayo hayakuandikwa katika barua ya maombi. Dereva wake amezoea njia ya mjini na ya mashindano ya michezo, hajui vivuko vya huko liendako. Bima ya gari ina masharti yake, na gari lisilo la biashara likichukua abiria wa kulipa, bima yaweza kukataa kulipa pale inapohitajiwa zaidi. Sheria ya barabarani nayo hairuhusu gari la shule kuwabeba wanafunzi kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, ilhali sote twajua karamu zetu huisha saa ngapi. Sisemi mabasi ya shule yasikodiwe. Nasema mwalimu mkuu asitoe ufunguo kabla ya kuuliza swali moja: nahodha wenu ni nani? Akijibiwa "tutaelewana huko huko", ufunguo na ubaki mfukoni.

Nahodha huyo hahitaji cheti. Anahitaji kuijua njia kwa macho yake, asiwe baba wa bi harusi wala wa bwana harusi, maana hao siku hiyo hawana akili ya kupima maji, na asiwe mwenye gari. Ajue kusimama mbele ya wakubwa bila ya kutetemeka. Kazi yake huanza siku mbili tatu kabla, kwa kupiga simu kwa mtu aliye Gamba, au Minjila, au kivuko chochote kilicho mbele, si kumwuliza "njia inapitika?" bali kumwuliza "wewe umepita lini, kwa gari gani, na maji yalifika wapi?" Akipeleka watu upande wa Lamu atauliza polisi kwanza. Tangu miaka ya 1990, magari ya njia hiyo yalipokuwa yakisindikizwa na askari kwa kuhofia majambazi, hadi shambulio la basi kule Nyongoro tarehe 2 Januari 2020, njia hiyo imetufundisha kwamba saa ya kuondoka si shauri la mpambaji wa bi harusi.

Isitoshe, awe na orodha ya majina. Jambo hili huonekana la kitoto mpaka siku linapohitajika. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mabishano kuhusu idadi ya waliokufa hayakupata dawa. Katika harusi orodha ina manufaa hata pasipo msiba: hakuna anayeachwa, na wale wapandiao safari ya bure kwenda Malindi kununua vitu vyao hujulikana mapema.

Jambo gumu kuliko yote ni aibu. Kurudisha msafara wa harusi njiani ni aibu ambayo katika lugha yetu haina jina dogo. Wakwe wamepika, kadhi au mchungaji amefika, kuku wamechinjwa. Kwa hiyo ruhusa ya kurudi haiwezi kutafutwa ukingoni mwa maji, lazima itolewe mapema na pande zote mbili, katika kikao kile kile cha mahari, wazee wakisikia. Wakwe waambiwe wazi: tukikuta maji tutalala Garsen, nanyi mkikuta maji mlale mlipo, na asiyefika siku hiyo hahesabiwi kuwa amedharau.

Mwaka jana kamati yetu ilikubali kujaribu mpango huu. Bwana harusi alikuwa wa Malindi, safari ya kilomita zaidi ya mia, na sisi tukimpeleka mwali wetu kwa basi moja na matatu mbili. Nilipopendekeza kwamba daftari litaje mtenda, kulikuwa na kimya, kisha mtu akamtaja shangazi yangu mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipeleka maembe Malindi na kurudi na nguo za mitumba, na ambaye anakijua kila kijito cha njia ile kwa tabia zake. Wazee wawili walicheka. Mmoja wao, ami yangu, hakucheka. Alisema hajapata kuona msafara wa wanaume ukiongozwa na muuza maembe. Hata hivyo jina liliandikwa.

Siku ilipofika tulikwenda salama. Saa kumi na moja kasorobo, karamu ikiwa ndiyo kwanza inanoga na ami ndiyo kwanza amesimama kutoa nasaha, shangazi aliinuka, akaifunga kanga yake kiunoni, akatoa karatasi, akaanza kusoma majina. Kijana mmoja alitafutwa robo saa nzima akapatikana kwa kinyozi. Nasaha zilikatizwa. Tulifika Garsen magharibi ikiingia, na usiku ule haikunyesha hata tone moja, wala mto haukupanda, kwa hiyo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba shangazi alitukinga na lolote.

Sasa tuna harusi nyingine mwezi wa Desemba. Katika kikao cha kwanza nimeandika: "Msafara utaongozwa na shangazi." Ami ametaka iandikwe pia kwamba yeye hakukubali. Nimeiandika, na jina lake nikalitia.